Pumzi za Bwawa la Pili

Jumanne, 6 Mei

Nimelisha saa moja asubuhi. Bwawa la kwanza vikombe vitatu, la pili vinne. Samaki wangu, ngege wa bwawa la pili, wamenenepa. Wananisikia nikiwa bado njiani, wanajaa ukingoni kama wagonjwa wa wodi wakisikia gari la chai. Mwezi mmoja tena nitavua. Kambare nao wako chini huko, mara moja moja mmoja anapanda, anagugumia hewa na kuzama tena.

Mvua ya jana imeujaza mfereji. Nimetoa majani kwenye wavu wa mlango wake. Mgongo unauma. Muuguzi mstaafu hafai kuinama namna hii.

Wifi Khadija hakuja kwa chai. Bado anamlilia ndama wake. Kupe walimmaliza kwa wiki moja: homa, matezi, kukoroma, kisha kimya. Nilikuwa pale. Sikuweza kitu, mimi nilisomea watu. Tangu Issa afariki tumebaki sisi wawili katika boma hili, mimi mjane wake, yeye dada yake mkubwa. Mabwawa haya tuliyachimba pamoja kwa jembe, yeye akinipita nguvu.

Jirani Makokha amewasha mitambo yake ya jagari, ile sukari guru ya miwa, huko juu ya mto. Harufu ya sukari inayoungua imefika mpaka jikoni.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya.

Bwawa la pili. Ngege wote juu ya maji, midomo wazi. Hawakimbii nikikaribia. Wengine wanaogelea ubavu, wanajigonga ukingoni. Nilimwaga chakula, hakuna aliyegusa.

Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nikachuchumaa, nikatazama saa, nikahesabu. Kile kifuniko cha shavu kinavyofunguka na kufungika. Juzi nilihesabu kwa kujifurahisha nikapata sitini na kitu kwa dakika. Leo mmoja mia na thelathini. Mwingine mia na arobaini, kisha pumzi ikaanza kuruka: kimya, haraka haraka, kimya. Naijua hiyo pumzi. Nimeiona kwa watoto wa nimonia miaka thelathini. Ikifika hapo mtoto hana siku.

Nilifunga mlango wa mfereji. Nikachota maji kwa ndoo kutoka bwawa la kwanza na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Khadija aliniona akaja mbio, leso imefungwa kiunoni. Tulimwaga mpaka adhana ya Ijumaa.

Jumamosi, 10 Mei

Wamekufa mia moja na nane. Nimewahesabu nikiwatoa kwa chandarua.

Watu walikuja na karai. Habari ya samaki wa bure haikai. Nikakataa. Nikawaambia sijui wamekufa na nini, siwezi kuwalisha watu kitu nisichokijua. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba Sista, jina walilonipa tangu hospitali, ana roho ngumu, heri azike samaki kuliko mtoto wa mtu ale. Tulichimba shimo na Khadija tukawafukia.

Bwawa la kwanza ni salama kabisa. Lile linakula maji ya chemchemi. La pili linakula maji ya mto kupitia mfereji. Basi shida iko mtoni. Na mtoni juu kuna nani?

Makokha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepanda mto mpaka kwa Makokha. Nyuma ya mitambo kuna mtaro wa maji meusi unaoteremka mtoni. Mazito, matamu, yana mapovu. Nzi wamejaa. Nimeyaona kwa macho yangu.

Nimeenda moja kwa moja kwa chifu. Nimesema yote. Nimesema pia ambayo sikuyaona: kwamba Makokha ndiye aliyeua samaki wangu. Nilikuwa na hasira na ilinipendeza kuwa nayo. Chifu ameahidi kumwita afisa wa samaki kutoka Kakamega.

Jumatano, 14 Mei

Walio hai wameanza kula tena. Nilihesabu: sabini na tano, themanini. Wanateremka. Nimefungua mfereji kidogo, maji yamepungua mno.

Khadija alileta maziwa. Ng'ombe wake anang'aa, hana kupe hata mmoja masikioni. Dawa mpya ni kali kweli, anasema. Amecheka kwa mara ya kwanza tangu ndama afe. Nikafurahi.

Ijumaa, 16 Mei

Tena.

Zamu hii mbaya zaidi. Ngege wanazunguka kama walevi. Na kambare wamekufa. Kambare! Niliwakuta wanane tumbo juu, weupe. Mmoja alikuwa bado anajikunja kama mtoto mwenye degedege. Nikamshika mikononi mpaka akaacha.

Kwenye mfereji kaa wadogo wametoka majini, wamelala kwenye nyasi. Viluwiluwi wamelala chini kama kokoto. Jana jioni vyura walikuwa wanaimba. Asubuhi hii kimya.

Nilimpigia chifu huku nalia. Sijalia mbele ya mtu tangu mazishi ya Issa. Amefunga mitambo ya Makokha leo leo mpaka afisa aje.

Vizuri.

Jumamosi, 17 Mei

Makokha amekuja. Alisimama kwenye lango, kofia mkononi, hakutaka kiti.

Akasema, "Sista, mtoto wangu wa kwanza ulimpokea kwa mikono yako. Kweli unaonanga mimi ni mtu wa kukuulia samaki?"

Nikamwambia mto hausemi uongo.

Akasema maji yake ni machafu, hakatai, atachimba shimo la kuyazuia. Lakini mtaro ule ulikuwapo mwaka jana na mwaka juzi, na samaki wangu walikuwa wazima. "Mbona wafe sasa?" Amesema wafanyakazi wake kumi na wanne wako nyumbani, na wengi ni akina mama wanaoanika makapi ya miwa juani.

Nikamwambia aseme hayo kwa afisa. Nikaingia ndani. Nimekaa kitandani nikijiona nina haki, lakini chai nimeiacha mezani.

Jumatatu, 19 Mei

Nimezika wengine hamsini na sita. Kambare wamebaki sita. Khadija alifanya kazi yote ya jembe kwa sababu mgongo umenikatalia. Anamlaani Makokha kwa Kiwanga, lugha yao ya nyumbani, maneno ambayo mama mkwe hakutaka nijifunze. Tumecheka hapo hapo shimoni, kisha tukaona aibu.

Jumatano, 21 Mei

Afisa amefika kwa boda boda. Anaitwa Nekesa, hajafika thelathini, viatu vya mpira, mkoba wa vipimo. Nilitegemea mwanamume mwenye kitambi.

Akatumbukiza kipimo cha hewa bwawani. Akatazama, akakitoa, akakitumbukiza tena mahali pengine. Akaniambia, "Mama, hewa imo. Tena ya kutosha. Hawa samaki wamekosa pumzi ndani ya maji yenye hewa."

Sikuelewa. Akachukua ngege aliyekufa asubuhi, akainua kifuniko cha shavu kwa ncha ya kisu. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu kama damu ya kuku. Haya yalikuwa yamepauka, yamevimba, yamegandiwa na ute kama kamasi. Hapo nikaelewa, maana mapafu yaliyojaa nimeyaona. Samaki anavuta maji, hewa inafika mlangoni, na mlango umezibwa. Tena matamvua hayana kifua cha kuyakinga. Kila kilichomo majini kinayagusa moja kwa moja, kinaingia kwenye damu, kinafika mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo ile mizunguko ya kilevi.

Kisha akaniambia jambo lililonikata maini. Maji ya jagari huua kwa kumaliza hewa. Na maji yakiisha hewa, ngege hufa lakini kambare hubaki, kwa sababu kambare hupanda juu akapumua hewa hii yetu. "Akifa kambare, Mama, usitafute uchafu. Tafuta sumu."

Tukapanda mto. Chini ya mtaro wa Makokha maji yananuka, lakini viluwiluwi wapo, wanacheza. Hakuna mtu aliyemwaga kitu pale kwa siku tano, Nekesa akasema, lakini hata hivyo, kama ingekuwa sumu ya kuua kambare kule mbali, hapa pasingebaki hata mbu. Mlango wa mfereji: kaa wapo, hai. Tukashuka na mfereji. Hai. Hai. Hai. Mpaka kwenye jiwe la kufulia, mpakani mwa shamba la Khadija. Kutoka pale kwenda chini hakuna chochote.

Juu ya jiwe kulikuwa na alama nyeupe, duara, kama maziwa yaliyokaukia. Nekesa akainama akanusa. "Mtu anaoshea bomba la kunyunyizia dawa hapa. Ni nani?"

Nilimjua palepale. Nikasema, "Watu wengi hupita hapa."

Nimeandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilisema watu wengi hupita hapa.

Alhamisi, 22 Mei

Sikula asubuhi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba nikijiuliza: nikinyamaza, nani atajua? Mitambo ya Makokha imefungwa tayari. Nitamwambia Khadija aoshee pengine, samaki watapona, yataisha. Niliwaza hivyo kwa saa nzima. Mimi, niliyewafundisha wanafunzi wa uuguzi kwamba dawa ukiikosea unaiandika kwenye faili, hata kama mgonjwa hajadhurika.

Kisha nikakumbuka leo ni Alhamisi, siku ya Khadija ya kunyunyizia dawa.

Nilikimbia. Sijakimbia kwa miaka. Nilimkuta zizini, bomba mgongoni, ng'ombe amefungwa, yuko karibu kumaliza. Leso imemfunika pua vizuri, kama nilivyomwonyesha.

Nikamwuliza anaoshea wapi.

"Pale kwa jiwe. Kila Alhamisi, nikimaliza. Kwa nini?"

Nikamwuliza kwa nini pale.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si wewe ulinikataza, Sista? Ulisema nisioshange nyumbani, watoto wa majirani hucheza hapa. Ulisema niende mbali, kwa maji yanayotembea."

Nilisema. Nakumbuka hata siku. Ilikuwa kabla ya Ramadhani, mtoto wa jirani alishika chupa ya dawa ya zamani na nikampa Khadija somo refu, mkono kiunoni, sauti ya wodi. Maji yanayotembea. Sikufikiri yanatembea kwenda wapi. Yanatembea kuja kwangu.

Nikaomba chupa. Nimevaa miwani nikaisoma. Maandishi kama chungu, Kiingereza kitupu. Na pembeni kabisa, picha ndogo ya samaki. Amepigwa mstari. Khadija hakusoma shule zaidi ya darasa la tatu, na picha ile ni ndogo kuliko ukucha. Mimi nimesoma. Chupa hii imekaa juu ya ukuta wa zizi wiki mbili, nimekunywa chai chini yake.

Nilimweleza. Alivua bomba polepole, akaliweka chini. Akakaa kwenye kinyesi cha ng'ombe bila kuangalia. Kisha akasema, "Niliwazika mwenyewe," na akaanza kulia kwa sauti nisiyoisikia hata siku ya ndama.

Nikakaa naye palepale.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi ya leo hakuna aliyetweta. Nilihesabu watano. Sabini, sabini na mbili, sitini na nane, themanini, sabini. Nilipaswa kufurahi.

Nimempigia Nekesa, nikamwambia ukweli, na kwamba Jumatano nilimficha. Akasema alijua. Akasema wengi hunyamaza, wachache hupiga simu. Akanieleza: bomba lioshwe mara tatu kwa maji kidogo, na maji hayo yanyunyizwe hapohapo kwenye ng'ombe, yasimwagwe. Mfereji, mto, kisima, hapana. Na ng'ombe asivushwe mtoni siku ile.

Kisha chifu. Nimeomba baraza Jumatatu. Nilimsema Makokha mbele ya watu, nitamsafisha mbele ya watu. Chifu alisema angeweza kufungua mitambo kimyakimya, haina haja. Nikasema ina haja.

Khadija hataki kutoka nyumbani. Nimemwambia jina lake halitatajwa. Nitasema ni dawa ya ng'ombe, ya nyumbani kwangu, basi.

Jumatatu, 26 Mei

Baraza lilikuwa chini ya turubai, karibu na ofisi ya chifu. Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Wafanyakazi wa Makokha walikaa pamoja upande mmoja. Nikamwona yule mama aliyesema nina roho ngumu. Kumbe anaanika makapi kwa Makokha. Siku ile alikuja na karai. Wiki moja baadaye nilimkosesha na kazi.

Nilisimama. Nimesimama mbele ya madaktari, mbele ya maiti, mbele ya akina baba walevi wenye panga. Leo nilishikilia nguzo ya turubai. Nikasema nilimshtaki Makokha bila ushahidi. Nikasema samaki wangu waliuliwa na dawa ya kupe iliyooshwa kwenye mfereji, na ilitoka katika boma langu, kwa ushauri wangu mimi mwenyewe. Nikasema naomba msamaha kwake na kwa kila aliyekaa nyumbani kwa sababu yangu.

Mtu akauliza, "Ni nani aliosha?"

Nikasema, "Ni boma langu. Inatosha."

Hapo nyuma kabisa mtu akasimama. Buibui nyeusi, viatu vina matope. Sikujua amekuja. "Ni mimi," Khadija akasema. "Sista ananifunikia. Mimi ndiye mwenye bomba. Sikujua kusoma chupa."

Kisha mzee mmoja akasema yeye huoshea mtoni pia. Mwingine akasema hata yeye, na dawa ya magugu ya miwa. Mwanamke akauliza kama ndiyo sababu kaa wamepotea kwenye kijito chao kule chini. Mikono ikaanza kuinuka. Nekesa alikuwa amekuja, wakamgeukia. Amefundisha karibu saa mbili, ameshika ile chupa juu watu waione picha, wamepitishiana kutoka mkono hadi mkono.

Makokha hakunipa mkono. Alinijia mwishoni, akasema, "Wafanyakazi wangu walikaa siku kumi, Sista." Nikasema najua. Akasema, "Unajua sasa." Akaondoka. Sikumlaumu. Nilidhani msamaha ukiombwa unapewa papo hapo. Hata mifupa haiungi hivyo.

Jumatano, 28 Mei

Nekesa amesema bwawa la pili limwagwe juu ya nyasi, mbali na mto, na likae kavu juani, matope hushika sumu. Tumevua waliobaki kwa wavu, mia mbili na kumi na mmoja, na kambare sita, tukawahamishia bwawa la kwanza. Wamebanana. Hakuna wa kuvuliwa mwezi ujao. Kazi ya miezi saba.

Nilimkasirikia Khadija leo bure, kwa ajili ya ndoo. Nikampigia kelele. Baadaye nikajua sikukasirikia ndoo. Nikampelekea obusuma, ugali wetu wa huku, na mboga ya kunde, na sahani ilirudi tupu, imeoshwa.

Jumanne, 3 Juni

Akina mama saba wamekuja na chupa zao za dawa kwenye mifuko. Wanataka niwasomee. Tumekaa barazani mpaka adhuhuri. Nawasomea, Khadija anawaonyesha bomba linavyosuuzwa mara tatu, anakunyunyizia maji mwilini usipoangalia. Yule mama wa karai alikuwepo. Hakuniangalia sana. Lakini alikuja.

Makokha anachimba shimo lake. Nimesikia majembe nilipoteremka mtoni.

Alhamisi, 12 Juni

Idi imepita, tumekula vya kutosha.

Bwawa la pili limepasuka pasuka kama kisigino. Jua kali tangu asubuhi. Khadija alikuja alasiri na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa, tukakaa ukingoni miguu ikining'inia mahali palipokuwa maji. Hatukuongea mengi. Akaniuliza kama samaki huumwa, kama wanasikia. Nikamwambia sijui, nadhani wanasikia.

Akamenya kiazi, akanipa nusu kubwa.

Akasema mahindi yake ya upande wa juu yameanza kutoa ndevu. Nikasema kesho nitakuja kuyaona. Tukakaa hapo mpaka kivuli kikatufikia, kisha kila mmoja akaenda kukoka moto.